Boz, Dume la Kuoshea Magari

Asubuhi ile Burulcha alikuwa ameanika glavu zake za kuoshea magari kwenye kamba, kutoka nguzo ya umeme mpaka mlango wa choo, na alikuwa anazichapa moja moja kwa fimbo ili mchanga udondoke. Oktoba ilikuwa inaisha. Baridi ilikuwa imeshaanza kugandisha pindo za vitu vyenye maji, kwa hiyo glavu zilikuwa ngumu kidogo na zilitoa mlio wa mtu anayepigwa mgongoni na rafiki yake. Nyuma ya kibanda mfereji wa kutoka mlimani ulipita kwa kelele. Mji mzima wa Toru-Suu ulijua: ukitaka gari lioshwe upesi, lipeleke stendi kwa wale wenye matambara, ukitaka lioshwe halafu uweze kulitambua, lipeleke kwa Burulcha.

Attokur alifika na gari jeusi, jipya kabisa, akaliegesha taratibu kama anamlaza mtoto aliyesinzia. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa malisho. Kila mwaka theluji ikiyeyuka, Attokur ndiye aliyesema nani apandishe mifugo yake mlima gani, na nani abaki bondeni kulisha kondoo wake vumbi. Kwa sababu hiyo watu wote walimwita baike, yaani kaka mkubwa, hata wazee wenye umri wa kumzaa.

Gari lilikuwa limeshachinjiwa wiki iliyopita, kama inavyotakiwa. Kondoo mmoja, damu kidogo kwenye tairi la mbele, halafu nyama kwa mtaa mzima na dua juu yake. Alama ya damu ilikuwa bado inaonekana kwenye tairi.

"Burulcha, dada yangu," Attokur alisema, "gari hili halijaguswa na mkono wa mtu. Nataka wa kwanza uwe wako. Lakini nionyeshe kwanza utaligusa na nini."

"Na mkono huu hapa, baike. Umeolewa mara moja tu."

"Ndani ya glavu gani?"

"Ahaa. Hapo sasa umeongea."

Burulcha alileta sidii ya harusi yake. Ndiyo aliyoitumia kupima glavu. Aliigeuza upande unaong'aa, akalowanisha glavu, akasugua, kisha akaiinua juani atazame michirizi. Miaka yote ya kupima ilikuwa imeacha alama. Ukiiweka sidii ile kwenye mashine, bwana harusi alionekana kuanzia kiunoni kwenda chini tu. Burulcha alisema hakuna cha maana kilichopotea.

Alianza na sponji. "Hili lina uso bapa. Mchanga ukinasa hauna pa kukimbilia, unabaki hapo hapo juu, wewe unadhani unaosha, kumbe unapiga msasa. Hili ni la magari ya watu niliogombana nao."

Akafuata na glavu ya vidole vinene vinavyoning'inia kama minyoo. "Hii inameza mchanga katikati ya vidole. Si mbaya. Gari jeupe ningekupa bila kuuliza. Lakini jeusi, baike, jeusi lina umbea. Likikwaruzwa leo, kesho linaitangazia barabara nzima."

"Na hii ya manyoya?"

"Ya kondoo wetu wa mkia wa mafuta. Nyama yake utamu mtupu. Manyoya yake sasa, ndevu za shemeji."

Attokur aliisugua shavuni, akakunja uso. "Nataka laini zaidi."

"Laini zaidi ya hapo ni kondoo wa Zuura peke yake," Burulcha alisema.

Hilo halikuwa na ubishi. Zamani bonde zima lilifuga kondoo wa manyoya membamba, lakini sufu ilipokosa wanunuzi watu walihamia kwenye mikia ya mafuta. Zuura, mjane wa juu kule mwisho wa barabara, hakuhama. Aliendelea na kundi aliloachiwa na mumewe, na dume mmoja aitwaye Boz, na watu walimcheka miaka yote.

"Tena maskini, dume wake amepotea," Burulcha aliongeza. "Wiki iliyopita tu, alipokuwa anakaribia kumwachia kwa majike. Anazunguka milima akimwita. Aina ile hakuna dume mwingine bonde zima. Asipompata kabla theluji haijakaa, hakuna mimba, hakuna wana-kondoo, kundi ndiyo basi."

"Maskini," Attokur alisema, na alimaanisha. Halafu uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyeombwa kitu akakumbuka anacho. "Lakini ngozi ya namna hiyo mbona ninayo!"

Akafungua buti. Akatoa ngozi iliyokunjwa vizuri, nyeupe yenye kijivu kwa mbali. Burulcha alitia mkono, na manyoya yakammeza mpaka kwenye saa ya mkononi.

Mwizi mwingine angeizika. Lakini mwizi mwingine hakuwa na gari jeusi.

"Ya kondoo gani hii, baike?" Burulcha aliuliza.

"Wa gari. Si mlimla wote?"

"Tulimla," Burulcha alikubali. Yeye alikuwa amepewa muundi.

Akaipokea ngozi. Aliiloweka kwenye maji ya maziwa ya mgando na chumvi, akaikwangua, akaikausha, akakata glavu moja kubwa yenye kidole gumba, akaishona kwa uzi wa nailoni. Ilipokuwa tayari alijaza ndoo zake mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, akaitumbukiza kwenye ile ya sabuni. Glavu ilipiga chafya.

Burulcha akapunguza shampuu.

Akaipandisha juu ya paa la gari jeusi, na hapo ndipo mambo yalipoanza kunoga. Glavu ilishika kazi yenyewe. Ilianzia juu kabisa, kama kondoo anayejua kwamba majani matamu yako kileleni, ikashuka kwa mistari iliyonyooka, bila kuzungushazungusha mkono kama wale wa stendi wanaoacha gari na utando wa buibui. Ilikula vumbi. Ilikula tope. Ilikula vinyesi vya ndege ikatema punje ngumu pembeni. Ikishiba mchanga, ilimvuta Burulcha mpaka kwenye ndoo ya kusuuzia, ikajikung'uta humo ndani mpaka mchanga wote ukazama chini, halafu ikamvuta tena kwenye sabuni. Milango ya chini na matairi, ambako uchafu ni mkali, iliyaacha mwisho. Burulcha alikuwa amewafundisha watu utaratibu ule miaka mingi na hakuna aliyewahi kuufuata vizuri namna ile.

"Inajua kazi," alisema.

"Si nilikwambia," alisema Attokur, akajitazama mlangoni. Alijiona mpaka vinyweleo vya puani.

Kufikia mchana foleni ilikuwa imefika kwenye duka la mikate. Watu walikuja na magari ambayo hayajaoshwa tangu yanunuliwe. Alikuja mwenye lori la makaa. Alikuja mtu na pikipiki, akaja mwingine na toroli. Glavu haikubagua. Burulcha aliachana hata na kuishika. Aliirusha tu juu ya paa na kuanza kupokea oda za kesho.

"Kaka, gari lako kumbe jekundu!"

"Hata mimi ndiyo najua leo!"

"Jamani nirushieni mimi, nina harusi!"

"Wewe una harusi ya nani? Hata mbuzi wako kakuacha!"

Kasoro yake ilikuwa moja. Ilikuwa inapiga bampa kwa kichwa. Ikiona bampa kubwa lenye kung'aa, ilirudi nyuma kidogo, ikainama, ikalivamia. Teksi mbili ziliondoka na vibonyeo. Wenye teksi walinung'unika, lakini watu waliwaelewesha kwamba ni majira yake, madume yote mwezi huu yako hivyo, na wao wenyewe wajichunguze.

Zuura alifika akiwa juu ya farasi. Alikuwa mwanamke mrefu, amefunga shali la sufu ya kondoo wake mwenyewe, na sauti ilikuwa imemkauka kwa kuita. Alisimama kwa Burulcha kwa sababu pale huwa pana chai.

"Hujamwona Boz wangu?"

Burulcha alianza kutafuta pa kuweka macho. Hakupata muda. Glavu, iliyokuwa imefika katikati ya boneti ya gari la posta, iliinua kidole gumba. Halafu ikaruka. Ilidondoka kwenye lami ikiwa na povu lake lote, ikakatiza barabara, basi la kwenda Naryn likafunga breki, mwenye toroli akapiga yowe la furaha, na glavu ikapanda mguu wa farasi, ikapanda goti la Zuura, ikamwingia mkononi.

Ilimtosha kama imepimwa kwake. Zuura alipapasa kwa mkono mwingine mpaka akafikia kovu lililo karibu na pindo, pale mbwa mwitu alipomuuma Boz akiwa mdogo.

"Umekonda," alimwambia.

Glavu ikalia meee, mara moja, kwa sauti nene.

Watu walishangilia kama goli limeingia. Zuura hakushangilia. Alimgeukia Burulcha. "Nani kakuletea?"

Burulcha alitazama gari jeusi, lililokuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara, mahali ambapo linaonekana. Attokur alikuwa amekaa ndani na dirisha limeteremshwa.

"Baike kaleta ngozi," Burulcha alisema. "Mimi nimeshona tu."

Attokur akasema ngozi ni ya kondoo wake, na askari Kydyr akaitwa. Kydyr alikuwa askari wa pekee wa Toru-Suu na alipenda kesi za mifugo kwa sababu utaratibu wake unajulikana. Watu wawili wakigombea mnyama, mnyama anaachiwa katikati yao. Atakayemfuata ndiye mwenyewe. Kydyr hakuona sababu ya kubadilisha utaratibu kwa vile tu mnyama hana miguu. Aliuliza swali moja.

"Akiwa mkavu anatembea?"

"Akiwa mkavu analala," Burulcha alisema.

"Basi Jumapili, mnadani, kwenye beseni la maji ya moto."

Jumapili mnada wa mifugo ulijaa kuliko siku yoyote ambayo mtu aliweza kuikumbuka. Watu walipanda juu ya malori. Walipanda juu ya ng'ombe. Wauza sambusa walimaliza kabla saa ya chai haijafika. Kydyr aliweka beseni katikati ya uwanja, mvuke ukapanda, akamtumbukiza Boz, akarudi nyuma na filimbi mdomoni. Upande mmoja alisimama Zuura na mikono mitupu. Upande wa pili Attokur, na gari jeusi nyuma yake, na chupa ya shampuu yenye harufu ya tikiti.

"Weka kabisa nadhiri ya kuchinja mwingine, baike!" mtu alipiga kelele kutoka juu ya lori.

"Mwimbie! Mwimbie kitu!"

Filimbi ikalia. Boz alitoka kwenye beseni akajikung'uta. Attokur alipiga goti kwenye tope, na suruali yake ilikuwa ya kitambaa kizuri.

"Boz," aliita kwa sauti ya asali. "Njoo mwanangu. Njoo uone."

Boz aligeuka kumtazama Zuura, halafu akageuka upande wa gari. Upepo wa mnadani ulikuwa umeangusha vumbi kwenye mlango wa nyuma. Boz aliliona. Akaanza kulifuata lile vumbi, polepole, halafu si polepole.

Uwanja ulichanganyikiwa. Waliokuwa upande wa Zuura walishika vichwa, na waliokuwa wanamwogopa Attokur walipiga makofi bila kujiamini. Boz alifika mlangoni. Akalamba vumbi, mstari mmoja, juu kwenda chini, ukabaki mweusi unaong'aa. Attokur alinyoosha mkono amchukue.

Zuura hakupaza sauti. Alisema tu, "Boz. Majike yanangoja."

Boz aliuacha mlango na mstari wake mmoja. Alipita chini ya mkono wa Attokur, akapita katikati ya miguu ya Kydyr, akaruka beseni bila kuligusa, akaja na povu nyuma kama mkia, akagonga kifua cha Zuura kwa kishindo mpaka Zuura akakaa chini. Kofia zilirushwa juu. Watu wasioongea miaka mingi walikumbatiana. Ng'ombe mmoja alikimbia na watu wawili juu yake.

Kydyr alipiga filimbi mpaka pakatulia. "Kondoo ni wa Zuura," alitangaza.

"Ni wa Zuura," Attokur alikubali, akipangusa goti. Alikuwa amepiga makofi pamoja na wengine. "Mimi nani nibishane na kondoo?"

"Kwa hiyo uliniibia," Zuura alisema kutoka pale chini.

"Alikuwa barabarani, dada. Buti lilikuwa wazi."

"Buti linafunguka lenyewe?"

"La gari hili linafunguka lenyewe. Kuna kidude." Akawaonyesha. Alibonyeza, buti likafunguka lenyewe, na watu wakakubali kwamba ni kweli. "Lakini tusiongee ya buti. Tuongee ya chakula. Wewe, dada Zuura, siku ile ulikula sehemu gani?"

Zuura alimpangusa Boz povu.

"Ubavu," mtu alijibu kwa niaba yake.

"Ubavu. Tena ukasifia. Ulisemaje vile?"

"Nilisema ina harufu ya vitunguu mwitu vya kwetu," Zuura alisema.

"Na ukabeba nyingine nyumbani."

"Nilibeba."

Attokur aligeukia uwanja. Hakuwa na hasira. "Na nyie wengine? Burulcha, muundi. Kydyr, nilikupa nyonga, siyo? Nani hapa hakuinua mikono akasema amina?"

Uwanja mzima ulianza kutazama viatu. Kydyr alivitazama vyake kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu nyonga ndiyo sehemu ya heshima, na alikuwa ameomba na mchuzi. Katika bonde lile anayekula sahani ya mtu na kuinua mikono amekubaliana na sahani yote, na namna ilivyopatikana. Hakuna aliyejua sheria nyingine iliyo juu ya hiyo.

Kydyr akatoa uamuzi. Boz arudi kwa mwenyewe. Ila kwa kuwa alichinjwa kwa ajili ya gari, na dua ilishasomwa, kila Ijumaa aletwe aoshe gari.

"Haki," Attokur alisema. "Na mimi naongeza. Mwakani Zuura nampa malisho ya juu, yale ya upande wa jua."

Watu walipiga makofi, wengine kwa moyo kabisa.

Zuura alinyanyuka. "Nipeni ndoo yenye kifuniko na maji ya moto," alisema. "Njia ni ndefu, asije akakauka."

Jioni ile alimwaga maji ya uvuguvugu kwenye hori, akamweka Boz juu ya ukingo, akafungua zizi la majike. Yalikuja yakamnusa. Zuura akaingia ndani kunywa chai, kwa kuwa mambo ya kondoo na wake zake si ya kutazamwa.

Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa na msisimko kuliko hata ya mwaka wa uchaguzi. Kila Ijumaa Zuura aliteremka na ndoo, Boz akala vumbi la gari jeusi kuanzia paa mpaka matairi, na gari likazidi kung'aa mpaka Attokur akaanza kunyolea ndevu kwenye mlango wa dereva. Kila Ijumaa watu waliuliza habari moja.

"Majike vipi, mama?"

"Matumbo yanakua."

"Yanakua! Yanakua jamani!"

Wakaanza kubishana yatazaa nini. Mwenye lori la makaa alisema wana-kondoo wa kawaida. Mwenye toroli alisema wana-kondoo wenye tundu la kuingiza mkono. Burulcha alisema wakizaliwa watoto wa manyoya yale, wawe wa namna gani, yeye kipimo anacho. Zuura alisema yeye anataka dume mmoja tu. Wengine waje walivyo, lakini apatikane dume mmoja wa miguu minne, kwa sababu Boz alikuwa anaanza kunyonyoka kwenye pindo, na glavu hata ikitunzwa vipi haifiki mwaka wa pili.

Aprili theluji ilipoanza kuyeyuka na kudondoka kutoka kwenye mapaa, jike wa kwanza alijifungua akiwa amesimama. Ikatoka glavu ya mkono wa kushoto. Jike aliilamba mpaka ikakauka kidogo, ikasimama kwa kidole gumba, ikaanguka, ikasimama tena, ikatafuta chuchu ikaipata. Jike wa pili alizaa pacha, wa kulia na wa kushoto. Habari zilifika mjini kabla kondo la nyuma halijatoka, na saa hiyo hiyo barabara ya juu ikajaa magari yakipiga honi. Burulcha alikuwa kwenye gari la mbele na sidii yake mfukoni.

"Hongera, Zuura! Hongera mama wa glavu!"

"Nipeni nafasi, msizikanyage!"

Burulcha alimpapasa wa kushoto aliyekuwa bado ananyonya, akamsugua kwenye sidii, akaiinua juani, akazungusha. Akaifuta. Akazungusha tena.

"Hakuna mchirizi hata mmoja," alisema. "Jamani, naapa, bwana harusi karudi mpaka shingoni."

Zizi lilishangilia. Majike yakaendelea kuzaa, glavu juu ya glavu, nyeupe, za kijivu, moja yenye madoa, na Zuura alipokea kila moja, akaigeuza, akaitazama, akaipa mama yake. Kila mara uso wake ulijiandaa, na kila mara ulinywea tena. Akabaki jike mmoja mzee, yule aliyekuwa wa mumewe. Alikuwa amejibanza pembeni na alichukua muda mrefu. Watu walianza kuongelea safari ya kurudi.

Ikatoka kwato.

"Kimya!" Zuura alisema, na watu wote pale zizini wakanyamaza.

Ikatoka kwato ya pili, ikatoka pua, ikatoka kichwa chote na masikio yake mawili yaliyolowa. Zuura alivuta taratibu. Mwana-kondoo akateleza akaangukia mapajani mwake. Alihesabu miguu kwa mkono. Akatazama chini ya tumbo, akatazama tena, akamnyanyulia Burulcha naye atazame.

"Dume," Burulcha alisema. "Kila kitu kipo. Tena kwa wingi."

Zuura alicheka. Hakuna aliyewahi kumsikia akicheka, na sauti ilikuwa ya msichana. Alicheka mpaka akashika ukuta, na watu nao wakacheka, Kydyr akapiga filimbi bila sababu, mwenye lori akaanza kucheza na jike aliyekuwa karibu. Zuura alimbusu mwana-kondoo katikati ya macho. "Mwakani," alimwambia. "Mwakani wewe."

Gari jeusi liliingia uani likiwa limepita tope lote la barabara ya juu bila kuchafuka. Watu walijipanga. Attokur alishuka, akawapa pole na hongera, akakubali kikombe cha chai ya maziwa, akasema Boz amezeeka na gari limeshaanza kulalamika. Amekuja kuchagua.

Alichagua kwa uangalifu. Alivaa glavu moja baada ya nyingine, akazisugua shavuni, akazirudisha. Moja ilimnyonya kidole, akaiacha inyonye. "Zote nzuri," alisema. Halafu akamwona aliye mikononi mwa Zuura, akaja, akaweka kiganja chake kwenye tumbo la mwana-kondoo, pale manyoya yalipokuwa bado na unyevu.

"Aah," alisema. "Hii ndiyo laini kuliko zote."

"Huyo si glavu, baike," Zuura alisema. "Huyo ni kondoo."

"Bado hajashonwa tu."

Kydyr alicheka, halafu akagundua kwamba yuko peke yake.

"Chukua glavu, baike," Zuura alisema. "Chukua kumi. Chukua zote."

"Zote? Nizichukue zote watu waoshe magari na nini? Mimi nachukua moja." Aliongea kwa upole. "Si unapanda malisho ya juu mwezi ujao, dada? Yale ya upande wa jua?"

Zuura alitazama rundo la majani makavu pembeni mwa zizi. Lilikuwa limeisha, ilibaki kamba iliyokuwa imelifunga. Alitazama majike, na glavu zikinyonya chini yao. Watu walikuwa wananong'onezana kwamba kwa kweli amechukua mmoja tu, wakati angeweza kuchukua wengi. Burulcha alikuwa ameinamia ndoo.

Attokur alibonyeza kidude. Buti likafunguka lenyewe.

Zuura alikwenda mpaka nyuma ya gari. Hakumkabidhi mtu. Alimshikilia mwana-kondoo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akafungua shali lake, akalitandika ndani, akalikunja mara mbili upande ule wa chuma ili kichwa kisigonge kwenye makorongo. Halafu akamlaza juu yake, akamfunika pembe moja ya shali.

"Ahsante, dada," Attokur alisema, na alimaanisha. Zulia la buti lilikuwa bado jipya.